Udaktari Huombwa Kidato cha Pili

Kila mwaka Baraza la Mitihani likitangaza matokeo ya Kidato cha Sita mwezi Julai, dirisha la udahili hufunguliwa na vijana waliosoma mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, huanza kuulizana maswali yaleyale. Niombe Muhimbili kwanza au Bugando? Pointi zangu zinatosha? Nikikosa awamu ya kwanza nifanyeje? Ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Ila kwa mtoto wa Morotonga wilayani Serengeti, au wa Nyamwaga na Sirari kule Tarime, maswali hayo huja yakiwa yamechelewa miaka minne. Watoto wengi wa huko wanaotamani udaktari hawafiki hata kwenye hatua ya kukataliwa na chuo. Nafasi yao huwa imekwisha kupotea Kidato cha Pili, pale mtoto wa miaka 14 au 15 anapoamua kuachana na fizikia na kemia, au anapoamuliwa. Anayetaka wilaya hizi zitoe madaktari aanzie hapo, na mashauri ya kujaza fomu yafuate baadaye.

Tuangalie kwanza mlango wenyewe ulivyo. Shahada ya udaktari wa binadamu, MD, husomwa kwa miaka mitano, na baada yake kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya Baraza la Madaktari Tanganyika kutoa usajili kamili. Mwombaji aliyetoka Kidato cha Sita hutakiwa awe amefaulu fizikia, kemia na baiolojia kwa kiwango cha ufaulu mkuu, akiwa na jumla ya pointi zisizopungua 6, yaani angalau D tatu, kwa hesabu inayoipa A pointi 5 na E pointi 1. Lakini pointi 6 ni kizingiti tu. Vyuo hupanga waombaji kuanzia aliye juu kushuka chini, na katika chuo kama Muhimbili nafasi huisha kabla foleni haijawafikia wenye D tatu. Kwa kawaida hakuna usaili, hakuna barua ya kujieleza, hakuna anayeuliza kama ulijitolea zahanati ya kijijini kwenu. Matokeo ndiyo yanayosema kila kitu.

Hapo ndipo tunapoachana na Marekani, ambako vijana wetu wengi husoma mashauri ya namna ya kuomba udaktari na kudhani yanawahusu. Mmarekani husoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka minne, hufanya mtihani maalumu uitwao MCAT, hukusanya barua za wahadhiri, huandika insha juu ya maisha yake na huitwa kwenye usaili. Mwanafunzi wa huko anaweza kugundua akiwa na miaka 20 kwamba anaupenda udaktari, akachukua masomo ya kemia aliyoyakosa, na bado akawahi. Kwetu mfumo haumpi mtu nafasi ya kujigundua akiwa na miaka 20. Mwanafunzi wa Kitanzania huingia chuo cha udaktari akitoka moja kwa moja kwenye mchepuo, mchepuo hutokana na Kidato cha Nne, na Kidato cha Nne hutokana na masomo aliyobaki nayo baada ya Kidato cha Pili. Ukishuka ngazi hiyo hadi chini utamkuta mtoto ambaye hajaota ndevu, akiwa ameshika mustakabali wa miaka kumi ijayo bila kujua kwamba ameushika.

Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa hivi: fizikia na kemia ni lazima Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha kuanzia Kidato cha Tatu huwa ya kuchagua, huku baiolojia na hesabu zikibaki kwa wote. Kwenye karatasi huo ni uhuru wa kuchagua. Katika shule ya kata yenye mwalimu mmoja wa fizikia au asiyekuwepo kabisa, uhuru huo hugeuka kuwa mserereko. Mtoto ameambulia topiki tatu kati ya kumi, amepata F kwenye upimaji wa Kidato cha Pili, na kila mtu aliye karibu naye, kwa nia njema kabisa, anamshauri aende masomo ya sanaa asije akaharibu matokeo ya mwisho. Shule nayo ina sababu zake, maana hupimwa kwa wastani wa ufaulu, na mwanafunzi dhaifu wa fizikia huushusha. Hakuna aliyetenda kosa. Lakini jioni ya siku hiyo mtoto aliyekuwa akisema atakuwa daktari ameshatoka kwenye orodha, na hakuna aliyemwambia hivyo kwa maneno.

Shule za kata zilipoenea kupitia mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004, kazi ya kwanza ilikuwa kupata madarasa, na ilikuwa kazi kubwa. Maabara zilifuata nyuma. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachangishwa fedha, mchanga na nguvu zao. Majengo mengi yalisimama. Jengo, hata hivyo, si maabara mpaka kuwe na maji, kemikali, vifaa na mtu wa kuvitumia. Chukua zoezi moja tu la kemia ambalo kila aliyesoma sayansi analikumbuka, titresheni. Mwanafunzi hujaza tindikali kwenye bureti, hufyonza alkali kwa pipeti na kuitia kwenye chupa, hudondosha matone mawili matatu ya methili orenji, kisha hufungua koki kidogokidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukiizungusha chupa. Rangi inabaki ya njano, inabaki ya njano, halafu tone moja tu linaigeuza. Likizidi tone jingine usomaji umeharibika na inabidi kuanza upya, kwa sababu mtihani unataka vipimo vitatu vinavyokaribiana. Mkono uliofanya zoezi hilo mara 30 tangu Kidato cha Kwanza hujua wakati wa kubana koki. Mkono unaoishika bureti kwa mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne hutetemeka, na hakuna usiku wa kukesha na madesa utakaoutuliza. Miaka miwili baadaye mtihani wa vitendo wa Kidato cha Sita utamtaka mwanafunzi huyohuyo apasue panya au chura na kuchora anachokiona, akishindana na aliyekuwa akifanya hivyo tangu mwanzo.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtoto wa Serengeti anaweza kuwa anasema Kikurya au Kingoreme nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sayansi yote ya sekondari akaikuta kwa Kiingereza. Aliyemaliza darasa la saba akiujua vizuri usanisinuru hukutana Kidato cha Kwanza na jambo lilelile kwa jina asiloweza hata kulitamka, na hujiona mjinga kwa kitu alichokuwa akikijua mwaka uliopita. Miaka miwili ya kwanza ya sekondari ndiyo anayoitumia kuvuka daraja hilo, na ndiyo hiyohiyo anayopimwa nayo kama anafaa kuendelea na fizikia. Tunampima mtoto mbio akiwa bado anavaa viatu.

Kwa msichana kuna jambo zito zaidi, na anayeandika juu ya elimu ya Tarime na Serengeti akalikwepa atakuwa hajaandika ukweli. Desemba ni likizo ya shule, na katika baadhi ya koo ndiyo pia majira ya ukeketaji. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana imeupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na mjini Mugumu kuna Nyumba Salama iliyofunguliwa 2014 kuwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa na ndoa inayofuata mara nyingi. Msichana anayemaliza Kidato cha Pili mwezi Novemba huingia Desemba hiyo akiwa na vita mbili, ya kulinda mwili wake na ya kuendelea na masomo. Akishindwa ya kwanza, ya pili nayo huwa mashakani. Kwa hiyo ninapozungumzia maandalizi ya kusomea udaktari ninahesabu pia mwalimu wa kike anayejua binti yupi hajarudi Januari, na mwenyekiti wa kitongoji asiyenyamaza. Mradi wa serikali wa SEQUIP, uliolenga kujenga shule 26 za bweni za wasichana za sayansi, moja kila mkoa, ni hatua ya kweli. Hata hivyo shule moja ya mkoa haiwezi kuwabeba wasichana wa kata zote, na wengi watabaki kutegemea shule iliyo karibu na kwao.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kipaji hufika tu, hata akitokea porini. Wapo kweli waliofika, na wanastahili heshima. Lakini ushahidi wa wachache waliovuka mto uliofurika hauonyeshi kwamba mto una daraja. Wanaofika huwa wamepata kitu cha ziada ambacho hakionekani kwenye cheti: kaka aliyesoma, mwalimu aliyekubali kubaki saa za jioni, mjomba mjini Musoma aliyempa chumba wakati wa tuisheni, au nafasi katika shule ya vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha au Kilakala iliyomwondoa kijijini mapema. Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba pointi ni zilezile kwa wote na kwa hiyo mfumo ni wa haki. Nakubali kwamba pointi zisishushwe. Mgonjwa wa Hospitali ya Nyerere pale Mugumu anahitaji daktari anayejua kazi yake, na hatapona kwa sababu daktari wake alionewa huruma. Haki ninayoidai iko chini zaidi: kila mtoto afike kwenye mtihani huo akiwa amefundishwa masomo yanayotahiniwa. Mbio ni za haki pale wote wanapoanzia kwenye mstari mmoja.

Kuna mlango wa pili, nao unazungumzwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Aliyemaliza Kidato cha Nne akiwa na angalau D katika kemia, baiolojia na fizikia anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, akawa tabibu, na baadaye akaomba MD akiwa na GPA isiyopungua 3.0. Piga hesabu. Anayepita Kidato cha Tano na cha Sita hutumia miaka miwili, mitano ya chuo na mmoja wa utarajali, jumla minane. Anayepita stashahada hutumia mitatu, mitano na mmoja, jumla tisa. Tofauti ni mwaka mmoja, na katikati ya safari huyu wa pili ana taaluma mkononi. Anaweza kufanya kazi zahanati, kusomesha wadogo zake na kuweka akiba, na siku anapoingia wodini kama mwanafunzi wa MD huwa ameshashika mapigo ya moyo ya mamia ya watu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Wanaodai kwamba njia hii hutoa madaktari wa daraja la chini wakumbuke kwamba anayeipitia akishaingia chuoni hufanya mitihani ileile, mbele ya maprofesa walewale.

Mlango huo una bawaba isiyoonekana, na inaturudisha palepale. Ili stashahada imfikishe kwenye MD, mwombaji hutakiwa pia awe na angalau D za Kidato cha Nne katika fizikia, kemia, baiolojia, hesabu na Kiingereza. Stashahada yenyewe huweza kumpokea mtu aliyepata F ya hesabu. Matokeo yake ni kwamba kuna matabibu hodari, wenye GPA nzuri na uzoefu wa miaka, wanaokuja kugundua wakiwa na miaka 25 au 30 kwamba mlango wa juu umefungwa na F ya hesabu waliyoipata wakiwa na miaka 17. Na hesabu ndilo somo ambalo kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne nchini wamekuwa wakilifeli. Wapo wanaorudia mtihani huo kama watahiniwa binafsi wakiwa na familia na zamu za usiku. Wangeambiwa mapema wasingehitaji. Nadhani hii ndiyo habari moja ambayo ingeokoa ndoto nyingi kama ingebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila shule ya kata, na haigharimu zaidi ya karatasi moja.

Julai nayo ina mitego yake, ingawa ni midogo ukiilinganisha. Kuanzia 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 kila chuo hupokea maombi yake chenyewe, na aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja lazima athibitishe chuo anachokitaka ndani ya siku alizopewa. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kijana ambaye siku hizo yuko kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), au yuko kijijini ambako intaneti huja na kuondoka, anaweza kupoteza kwa ukimya kile alichokipata kwa miaka sita. Mkopo nao unataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa vilevile. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na hakuandikishwa ahangaikie cheti hicho akiwa Kidato cha Tatu, asisubiri matokeo. Fedha za familia nyingi za Tarime na Serengeti ziko zizini. Ng'ombe huuzwa mnadani, na mnada una siku zake. Anayelazimika kuuza wiki ambayo chuo kinadai malipo ya kwanza huuza kwa bei ya mnunuzi. Ada za vyuo binafsi ni kubwa mara kadhaa kuliko za vyuo vya umma, na mkopo huenda usizifikie zote, hivyo hesabu hiyo ifanywe nyumbani kabla ya kuchagua chuo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi, ni wa wachache walio juu kabisa, na hatuwezi kuufanya kuwa mpango wa kaya.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka mtaani: kwa nini kuhangaika, wakati kuna madaktari waliomaliza na hawana ajira? Ni kweli wapo. Mwaka 2017, Kenya ilipoomba madaktari 500 kutoka Tanzania baada ya mgomo mrefu wa madaktari wake, mamia walijitokeza kuomba nafasi hizo. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango huo, Rais John Magufuli aliagiza 258 kati yao waajiriwe hapa nyumbani. Kisa hicho kilionyesha mambo mawili kwa mpigo, kwamba tulikuwa na madaktari waliokaa bure, na kwamba uamuzi ulipofanyika vituo vya kuwapokea vilikuwepo. Tatizo la ajira za afya ni la bajeti ya serikali. Halithibitishi kwamba wagonjwa wa Serengeti wametosheka na madaktari waliopo. Tena kuna jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limelisisitiza tangu mwongozo wake wa 2010 juu ya watumishi wa afya vijijini: aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini, na kwa hiyo nchi zinashauriwa kuwadahili wengi zaidi wa namna hiyo. Daktari anayeelewa mama mzee akisema kwa Kikurya mahali panapomuuma hahitaji mkalimani, wala haombi uhamisho mwezi wa tatu.

Na nafasi za kusomea zimeongezeka kweli. Tanganyika ilipata Uhuru 1961 bila chuo cha kufundisha madaktari, na waliotaka shahada hiyo walikwenda Makerere. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963 na ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, mwaka 2007. Moshi ilipata chuo chake KCMC mwaka 1997, mwaka ambao Chuo cha Hubert Kairuki nacho kilianza Dar es Salaam. Bugando ikaanza 2003, ikileta udaktari hadi Kanda ya Ziwa. Dodoma, Mbeya, Ifakara na Zanzibar zikafuata. Leo mtoto wa Mugumu hupanda basi kupitia Bunda na kulala Mwanza, penye chuo cha udaktari. Umbali uliobaki ni ule wa kati ya darasa la Kidato cha Kwanza na mtihani wa mwisho, na huo basi halijaupunguza.

Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mtaala mpya unaoingia hatua kwa hatua, na huenda majina ya mikondo na wakati wa kuchagua masomo vikabadilika. Uchaguzi ukija mapema zaidi, maelezo kwa mzazi nayo yaje mapema zaidi, maana hakuna mtaala utakaompa mtu udaktari bila fizikia, kemia na baiolojia. Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuanza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wao: mwalimu wa fizikia apangwe kwanza kwenye madarasa ya chini badala ya kuwekewa watahiniwa peke yao, shule mbili zilizo jirani zishirikiane maabara moja iliyokamilika, na matabibu na madaktari wa hospitali za wilaya waitwe shuleni kuzungumza na Kidato cha Kwanza.

Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili hutoka Januari. Mzazi wa Morotonga mwenye mtoto anayesema atakuwa daktari, nenda shuleni wiki hiyo, omba kumwona mwalimu wa taaluma, umuulize mambo mawili tu: je, mwanangu anaendelea na fizikia na kemia, na kwenye hesabu amepata nini?